Gari Lisipowaka: Sikiliza Kwanza, Lipa Baadaye

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, gari ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Ndilo linalochukua abiria kati ya Kahama na Ushirombo, linalotoa mpunga na pamba vijijini, linalopeleka vifaa vya wachimbaji wadogo Nyarugusu na Rwamgasa, na linalomfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo, gari likikataa kuwaka asubuhi, hasara huanza kuhesabika kabla hata fundi hajapigiwa simu. Abiria huhamia gari jingine, mzigo hulala, na mwenye gari huingiwa na haraka.

Haraka hiyo ndiyo inayomgharimu mlaji. Malalamiko ya utengenezaji wa magari mara nyingi hufuata njia moja: gari haliwaki, fundi anaitwa, kipuri kinatajwa papo hapo, fedha zinatolewa, kipuri kinafungwa, na gari bado haliwaki. Kisha hutajwa kipuri cha pili. Si lazima fundi awe mdanganyifu ili hayo yatokee. Inatosha kwamba hakupima, na mwenye gari hakujua la kumwuliza.

Makala hii haikusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Tunakusudia kumpa uwezo wa kuitambua dalili ya gari lake kwa sikio na kwa jicho, kuyatengeneza yale madogo yasiyohitaji fundi, na kujua haki zake pale fundi anapohitajika. Gari lisilowaka hujieleza lenyewe. Mwenye kulisikiliza kwa dakika tano hawezi kuuziwa kwa urahisi kitu asichokihitaji.

Usalama kabla ya yote

Gari likizimikia barabarani na likakataa kuwaka tena, jambo la kwanza si kufungua boneti. Jitahidi kulisogeza nje ya lami, washa taa za tahadhari, kisha weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma ya gari, kwa umbali unaomwezesha dereva mwingine kupunguza mwendo mapema. Barabara ya kutoka Tinde kupitia Kahama hadi Lusahunga hupitiwa usiku na mchana na malori makubwa yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na lori lililosheheni halisimami kwa hatua chache. Abiria wasibaki ndani ya gari lililo kando ya lami, wala wasisimame nyuma yake. Matawi ya miti yawe nyongeza tu, yasichukue nafasi ya pembetatu, na yaondolewe gari linapoondoka.

Gari likiwa kwenye mteremko, vuta breki ya mkono na weka jiwe au gogo kwenye tairi kabla mtu yeyote hajaingia chini yake. Ukiondoka, usisahau kuliondoa jiwe hilo barabarani.

Makosa madogo yanayofanana na ubovu

Kabla ya kudhani kuna kilichoharibika, kagua mambo yafuatayo. Hayahitaji spana wala fedha.

1. Gia. Magari mengi madogo yanayotumika katika mikoa yetu ni ya gia za kujiendesha zenyewe, na hayakubali kuwaka ila lever ya gia iwe kwenye P au N. Ikiwa iko kwenye P na gari ni kimya, kanyaga breki, isogeze hadi N, kisha jaribu tena. Gari likiwaka kwenye N lakini si kwenye P, tatizo liko kwenye swichi ya gia, wala si kwenye betri au stata.

2. Usukani. Usukani ukiwa umejifunga, ufunguo hauzunguki. Uchezeshe usukani kushoto na kulia taratibu huku ukiuzungusha ufunguo. Usitumie nguvu, kwani ufunguo huvunjikia ndani.

3. Mafuta. Mshale wa mafuta huweza kudanganya, hasa kwenye gari la miaka mingi au lililoegeshwa kwenye mteremko. Jiulize ulijaza lini mara ya mwisho na umetembea umbali gani tangu hapo.

4. Ufunguo wenye chipu. Magari mengi yana ulinzi unaozuia injini kuwaka mpaka gari liutambue ufunguo wake. Taa yenye umbo la ufunguo au kufuli ikiendelea kumwekamweka kwenye dashibodi baada ya ufunguo kuzungushwa, jaribu ufunguo wa akiba. Ufunguo wa kuchongesha mtaani unaweza kufungua mlango na kuzunguka kwenye swichi, lakini usiwashe injini kwa sababu hauna chipu.

5. Taa. Angalia kama taa kubwa, taa ya ndani au redio iliachwa ikifanya kazi usiku kucha.

Jambo jingine la kukumbuka ni kutouzungusha ufunguo mfululizo. Jaribio moja lisizidi sekunde 10, na kati ya jaribio na jaribio pumzisha kwa nusu dakika au zaidi. Stata huvuta umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari. Ikilazimishwa bila kupumzishwa huungua, na betri iliyokuwa na nguvu kidogo humalizika. Hapo tatizo moja huwa yamekuwa matatu.

Sauti tatu na maana zake

Baada ya hayo, washa taa kubwa za mbele, mwombe mtu asimame akizitazama, kisha zungusha ufunguo na usikilize. Utasikia mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni ukimya. Ikiwa taa za dashibodi hazikuwaka kabisa, umeme haufiki popote: ama betri imekwisha, ama kibanio cha waya kimelegea kwenye kichwa cha betri, ama fyuzi kuu imekatika. Ikiwa taa zinawaka kwa nguvu zote na zinabaki hivyo unapozungusha ufunguo, betri yaelekea haina hatia. Umeme upo, ila haufiki kwenye stata, au unafika na stata haifanyi kazi. Hapo hukaguliwa swichi ya gia, rilei, nyaya na stata yenyewe. Mtu atakayekuambia ununue betri mpya wakati taa zako zinang'aa hivyo, mwulize amepima nini.

La pili ni mlio wa kugonga. Milio mingi ya haraka, tik-tik-tik-tik, huku taa zikififia, ni dalili ya betri dhaifu au vichwa vichafu. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, huku taa zikibaki na nguvu, huelekeza kwenye stata. Na hapa kuna jambo lenye manufaa kwa mfuko wako: stata iliyochoka mara nyingi huwa imekwisha kaboni zake tu, yaani vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenda kwenye sehemu inayozunguka. Kaboni hubadilishwa peke yake na fundi umeme wa magari kwa gharama ndogo kuliko ya kununua stata nzima. Ikiwa fundi aligonga stata kwa kipande cha chuma na gari likawaka, usifurahi ukaondoka kwa safari ndefu. Umepewa onyo, hujatengenezewa.

La tatu ni injini kuzunguka kama kawaida bila kushika. Hapa betri na stata zinafanya kazi. Injini inakosa mafuta, au moto wa plagi kwa gari la petroli, au imezuiwa na ulinzi wa ufunguo. Kwa magari mengi ya petroli, ukizungusha ufunguo hadi hatua ya kabla ya kuwasha, utasikia pampu ya mafuta ikinguruma kwa sekunde mbili hivi kutoka upande wa tanki. Usipoisikia kabisa, anza na fyuzi na rilei ya pampu kabla ya kuikubali bei ya pampu mpya. Lakini ukisikia injini inazunguka kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, kana kwamba haina mzigo, acha kujaribu. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwa baadhi ya injini kila jaribio huongeza uharibifu wa ndani.

Ukimweleza fundi kwa simu kwamba "taa zina nguvu, kuna mlio mmoja, injini haizunguki", umemsaidia kuja na zana zinazohitajika. Pia umemjulisha kwamba anazungumza na mtu anayejua gari lake linafanya nini.

Betri katika kanda yetu

Betri ndiyo mshukiwa wa kwanza gari lisipowaka, na katika mikoa hii ina maadui watatu wa pekee.

Adui wa kwanza ni joto. Watu wengi hudhani baridi ndiyo inayoua betri. Ukweli ni kwamba baridi huidhihirisha betri mbovu, bali joto ndilo linaloichosha, kwa kukausha maji yake na kuharakisha kuoza kwa sahani za ndani. Gari linaloshinda juani katika uwanja wa Kahama au Katoro mwaka mzima halitaraji betri yake kudumu kama ya gari lililo nchi ya baridi.

Adui wa pili ni vumbi na mtikisiko. Njia za kwenda machimboni hutikisa betri mpaka sahani zake hulegea, hasa kama haikufungwa vizuri kwenye kitako chake. Vumbi likichanganyika na mvuke wa asidi juu ya vichwa vya betri huleta ukoko mweupe au wa kijani unaozuia umeme kupita.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja na alternata. Haikutengenezwa kwa kuwasha taa na televisheni usiku kucha, wala kuwamulikia watu shimoni. Ikikaushwa kabisa mara kadhaa, huharibika hata ikiwa mpya. Kwa matumizi ya nyumbani, nunua betri iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa jua.

Ukoko ukionekana kwenye vichwa vya betri, zima gari, legeza kibanio cha upande hasi (−) kwanza, kisha cha upande chanya (+). Sugua kwa brashi na maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, hakikisha maji hayo hayaingii ndani ya betri, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza mpaka kibanio kisiweze kuzungushwa kwa mkono. Vaa miwani au kitu cha kukinga macho, na kama asidi itakurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Magari mengi yanayosemwa yana "betri mbovu" huwaka baada ya kazi hii ya robo saa.

Kama betri ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu sahani, na kuongeza asidi si dawa ya betri iliyochoka.

Usikubali kununua betri bila kipimo. Kifaa cha kupimia volti ni cha bei nafuu na kila fundi umeme anacho. Betri nzima iliyopumzika baada ya kujazwa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma karibu na 12.0, imekaribia kuisha na inapaswa kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa. Gari likiwa linawaka, kipimo hichohicho kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea, na betri mpya utakayoinunua leo itakuwa imekwisha baada ya siku chache.

Hapa tunatoa onyo mahususi. Baadhi ya mafundi hupima alternata kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Usikubali jambo hilo lifanyike kwenye gari lako. Umeme hupanda ghafla na huweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya betri na alternata. Kipimo cha volti hutoa jibu lilelile bila hatari.

Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji au kwa mkusanyaji aliyeruhusiwa. Ndani yake mna risasi, madini yenye sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Isipasuliwe uani, wala asidi yake isimwagwe karibu na kisima.

Kubusti bila kujiumiza

Gari la pili likipatikana, hakikisha magari yote mawili ni ya volti 12. Malori mengi hutumia volti 24, na kulibusti gari dogo kwa umeme wa lori zima ni kuviunguza vifaa vyake. Magari yasigusane, na yote yawe yamezimwa. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Waya mwekundu kwenye kichwa chanya cha betri iliyokwisha.
2. Ncha ya pili ya waya mwekundu kwenye kichwa chanya cha betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye kichwa hasi cha betri nzima.
4. Ncha ya pili ya waya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lisilowaka, mbali na betri yake.

Watu wengi huikosea hatua ya nne. Betri hutoa gesi ya hidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja. Kuunganisha mbali na betri kunaiweka cheche hiyo mbali na gesi. Kwa sababu hiyohiyo, usivute sigara wala kumulika betri kwa kiberiti. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha jaribu lile lililokataa. Likishawaka, ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isibustiwe kabisa.

Gari la gia za mkono linaweza kuwashwa kwa kusukumwa. La gia za kujiendesha haliwaki kwa njia hiyo, na kulivuta kwa kamba umbali mrefu kwa kusudi hilo huharibu gia. Nguvu za vijana watano hazibadilishi ukweli huo, ingawa malipo yao yatadaiwa.

Mafuta ya dumu na mafuta yaliyochakachuliwa

Katika maeneo ya machimbo, petroli na dizeli huuzwa kwa dumu na chupa ili kuendesha pampu za maji na makarasha ya kusagia mawe. Dereva aliyeishiwa hununua hapohapo. Hatari yake ni mbili: maji na mchanganyiko. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini. Kabla ya kumimina, chota kiasi kutoka chini ya dumu, weka kwenye chupa safi inayopenya mwanga, na uiache itulie kwa dakika chache. Ukiona tabaka mbili, usimimine.

Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli kwa ajili ya faida kulienea nchini kiasi cha kulipa neno "kuchakachua" umaarufu wake. Mwaka 2010 ulianzishwa mfumo wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili mchanganyiko huo ubainike kwa vipimo. Mlaji hawezi kuviona vinasaba kwa macho, lakini anaweza kujilinda kwa kununua kwenye kituo chenye leseni na kudai risiti inayoonyesha kituo, siku, aina ya mafuta na lita. Gari lililowaka vizuri kabla ya kujaza na kukataa muda mfupi baadaye lina ushahidi wake mkubwa kwenye risiti hiyo. Bila risiti, dai lako lina maneno matupu.

Ukigundua umewekewa petroli kwenye gari la dizeli, au kinyume chake, usizungushe ufunguo hata mara moja. Mafuta yakiwa bado kwenye tanki, hunyonywa yakaisha tatizo. Yakishapita kwenye pampu na nozeli, gharama huwa nyingine kabisa. Na gari la dizeli lililoishiwa kabisa huenda lisiwake hata baada ya kujazwa mpaka hewa itolewe kwenye mabomba yake. Hiyo si sababu ya kununua pampu mpya.

Vumbi na panya

Chujio la hewa lililojaa vumbi hulinyima gari pumzi, likawaka kwa shida au likazima. Muda wa kubadilisha ulioandikwa kwenye kitabu cha gari haukupangwa kwa njia za vumbi za kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mwenye kupita njia hizo alikague chujio kila anapobadilisha oili, au mapema zaidi.

Panya nao huingia chini ya boneti, hasa gari likiegeshwa karibu na ghala la mpunga au pamba, na hutafuna nyaya. Gari lililokaa siku kadhaa na kukataa kuwaka lifunguliwe boneti kwanza. Waya uliokatwa na panya huonekana kwa macho, na kuuunga upya ni kazi ndogo.

Unapomkabidhi fundi

Mafundi wengi wa kanda hii walijifunza kazi gerejini, si darasani, na wengi wao ni hodari. VETA huwapima na kuwapa vyeti mafundi wa aina hiyo kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi, hivyo kumwuliza fundi cheti chake si kumdharau. Hata hivyo, pamoja na cheti, yako makubaliano yanayomlinda kila upande:

Kwanza, tenganisha malipo ya kupima na malipo ya kutengeneza. Fundi anastahili ujira wa kutafuta tatizo. Ukikubali kumlipa kwa kazi hiyo, unamwondolea sababu ya kukimbilia kukuuzia kipuri.

Pili, mwulize: "Umejuaje kuwa ni hiki?" Fundi aliyepima atakuonyesha. Asiyepima atasema magari ya aina yako ndivyo yalivyo.

Tatu, andikeni kazi itakayofanywa, bei ya kipuri, bei ya ufundi na siku ya kumaliza, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari au ujumbe wa simu. Kazi ya ziada isifanywe bila idhini yako.

Nne, uliza kama kipuri ni kipya au kilichotumika. Kuuza kipuri kilichotumika si kosa. Kosa ni kukiuza kwa jina na bei ya kipya.

Tano, dai kipuri cha zamani mkononi mwako. Ni mali yako, na ni ushahidi kwamba kweli kimebadilishwa.

Sita, dai risiti. Sheria za kodi zinamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Kwa fundi mdogo asiye na mashine, chukua risiti ya mkono yenye jina, tarehe na kazi iliyofanywa, na uhifadhi ujumbe wa malipo ya simu.

Gari likivutwa, elewaneni bei na mahali pa kulifikisha kabla kamba haijafungwa. Toa vitu vyako vya thamani, na piga picha gari na kipimo cha kilomita kabla ya kuliacha gerejini.

Haki zako na mahali pa kuzidai

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, aina au historia ya bidhaa, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia. Maandishi ukutani yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayafuti haki ya mlaji aliyeuziwa kitu kibovu.

Anza kwa muuzaji au fundi mwenyewe. Eleza tatizo kwa utulivu, onyesha risiti, na taja unachotaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usimruhusu fundi mwingine akifungue kipuri kabla ya hapo, kwa maana wa kwanza atasema kimeharibiwa na wa pili. Usiporidhika, malalamiko kuhusu udanganyifu na vipuri bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, ya ubora wa bidhaa Shirika la Viwango Tanzania, na ya mafuta EWURA, ambayo pia hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Madai ya fedha yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe.

Malalamiko yaandikwe yakiwa na mambo manne: nani, lini, kiasi gani na ushahidi upi. Barua ya nusu ukurasa yenye risiti ina nguvu kuliko kurasa kumi za hasira.

Tunapendekeza makala hii ikunjwe na kuwekwa ndani ya gari, pamoja na nyaya za kubusti, spana ya vichwa vya betri, tochi, pembetatu mbili na fyuzi za akiba. Gari likikataa kuwaka, zungusha ufunguo mara moja tu, tazama taa, sikiliza, kisha ndipo upige simu.